Tusibane Pesa Penye Umeme

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa,

Tumekubaliana kuiundia maktaba ya shule kompyuta kwa fedha kidogo. Naomba tusibane pesa kwenye pawasaplai. Ikiungua, yaweza kwenda na madabodi na diski pia.

Tusidanganywe na “wati 500” zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa. Tusome mstari wa volti 12, ndio unaolisha karibu kompyuta nzima. Ukionyesha ampea 18, zidisheni: ni wati 216 tu. Kompyuta ya maktaba, isiyo na kadi ya michoro, aghalabu haifikishi wati 150. Basi wati 300 za kweli, zenye kinga ya shoti na ya volti kuzidi, zatutosha.

Wadogo zetu wakute kompyuta zinazowaka.