Mbao Mbichi na Amana ya Fundi



Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni la karakana wala si la mimbari. Nalo ni mbao.

Mti hunenepa kwenye utando mwembamba ulio hai baina ya gome na ubao. Utando huo huzaa gome kwa nje na ubao kwa ndani. Ubao mchanga, mweupe, ndio upandishao maji kutoka mizizini. Ule wa zamani huiacha kazi hiyo, hujaa dawa na rangi zake, ukawa kiini. Utazameni mninga wa misitu ya miombo ya Manyoni: ukikatwa hutoka utomvu mwekundu mfano wa damu. Kiini chake cha hudhurungi hustahimili mchwa, lakini ile sehemu nyeupe huliwa upesi na dumuzi.

Mbao iliyopasuliwa leo imejaa maji. Yaliyomo ndani ya vitundu vya nyuzi hutoka kwanza, na umbo halibadiliki. Yakianza kutoka yale yaliyonyweka katika kuta za nyuzi, hapo ndipo mbao husinyaa: kwa upana sana, kwa urefu kidogo mno. Mninga husifiwa kwa kusinyaa kidogo kuliko miti mingi, lakini nao hukauka polepole.

Sisi wa Singida mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hivi hata Aprili, kisha hufuata kiangazi chenye upepo mkavu. Mlango wa mbao mbichi ulioundwa Februari ukafunga barabara, Agosti hupitisha kidole. Nasi tuliwahi kuuziwa mlango wa namna hiyo, na sehemu nyeupe imepakwa rangi ifanane na kiini!

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Fundi naye na aseme: mbao hii ni mbichi, bei yake ni hii, ipangeni kivulini, wekeni vijiti baina ya ubao na ubao hewa ipite. Na mnunuzi apime kipande kwa mizani, akipime tena baada ya wiki mbili. Uzito ukiwa bado unapungua, asimruhusu mtu kukipigia randa.