Masomo Katika Shule Zetu: Nani Huchagua, na kwa Faida ya Nani?



Tuliombwa kusema juu ya elimu. Kwa kuwa neno hilo ni pana mno, tumeona heri tushike jambo moja tu, yaani masomo yanayofundishwa katika shule za sekondari na vyuo vya Kanisa la Kilutheri katika Nyanda hizi za Juu Kusini, tangu Iringa hadi Mbeya. Pengine wengine wenu mnashangaa: haki na amani zina uhusiano gani na ratiba ya vipindi? Hiyo si kazi ya mkuu wa shule? Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipokutana na binti mmoja.

Binti huyo alimaliza kidato cha nne katika shule ya kata, akafaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, si kwa alama za kung'aa, ila za kutosha. Alitamani kuwa muuguzi. Wazazi wake walisikia tangazo la shule moja ya kanisa yenye kidato cha tano, wakauza ng'ombe na gunia kadhaa za mahindi, wakalipa ada. Alipofika akakuta tahasusi ni mbili tu: Historia, Jiografia na Kiingereza, au Historia, Kiswahili na Kiingereza. Maabara ilikuwepo, lakini ilikuwa imegeuzwa ghala la madawati mabovu. Akasoma alichokikuta. Alipomaliza kidato cha sita alifaulu, naye yuko nyumbani hadi leo. Kinachotuuma zaidi ni kwamba binti yule hakuhitaji kidato cha tano hata kidogo. Vyuo vya uuguzi hupokea vijana wa kidato cha nne kwa stashahada, mradi wana ufaulu unaotakiwa katika masomo yale yale aliyokuwa ameyafaulu. Hakuna aliyemwambia: si mwalimu, si mchungaji, wala si sisi.

Hatuna budi kutazama nyuma kidogo ili tusiwalaumu watu bure. Wamisionari wa Berlin, na ndugu zao Wamoraviani, walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891. Shule zao zilifundisha kusoma, kuandika, hesabu, dini na kazi za mikono, kwa sababu walihitaji walimu na wainjilisti, na pia maseremala na waashi wa kujenga vituo. Masomo yalifuata haja ya misheni. Serikali ya Kiingereza nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1928 ilifungua shule ya Malangali, na mkuu wake wa kwanza, Mumford, alijaribu kujenga masomo juu ya mila za wenyeji, na wazee wakaitwa kufundisha desturi. Twaweza kulisifu wazo hilo leo, lakini wazazi na wanafunzi wengi walitaka Kiingereza na hesabu, maana waliona wazi ni elimu ipi iliyofungua milango ya kazi. Mzazi wa Malangali wa wakati ule hakuwa mjinga. Alijua kwamba aliyepanga masomo alikuwa anapanga pia nani atakaa wapi katika nchi.

Baada ya Uhuru, Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka chini ya serikali shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku. Makanisa yalibaki na seminari na vyuo vya Biblia. Ndipo ilipoingia michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, nasi wenye umri mkubwa tunaikumbuka vizuri. Mambo yakageuka tena katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 serikali ilitia saini Hati ya Makubaliano na makanisa juu ya huduma za jamii, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikafungua mlango wazi kwa shule zisizo za serikali. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na watoto waliofaulu darasa la saba wakakosa pa kwenda walikuwa wengi. Sharika zilichangishana, marafiki wa Ulaya na Marekani wakasaidia, shule zikajengwa. Hiyo ilikuwa kazi njema, na hatutakubali mtu aidharau.

Lakini angalieni jinsi masomo yalivyochaguliwa. Somo la Historia linahitaji mwalimu, ubao na vitabu. Somo la Kemia linahitaji hivyo vyote, na juu yake maji ya bomba, gesi, kemikali zinazoisha kila muhula, mizani, na mtu wa kutunza maabara. Bodi yenye fedha kidogo huchagua nini? Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani mbadala, mwanafunzi akaeleza kwa kalamu jaribio ambalo hakuwahi kuligusa kwa mkono. Hivyo tahasusi za sanaa zikaenea mashuleni kama majani ya mvua ya kwanza. Hakuna aliyekaa na kuamua kwamba mtoto wa mkulima wa Kilolo asiwe daktari. Ilitokea tu kwa kufuata bei ya vifaa.

Vyuo vilifuata njia hiyo hiyo. Chuo cha Kilutheri cha Iringa, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini na ambacho mwaka 2013 kilikuwa chuo kikuu kamili kwa jina la Chuo Kikuu cha Iringa, kilijijengea sifa mapema kwa sheria, uongozi wa biashara na uandishi wa habari. Tunavithamini sana. Mjane anayenyang'anywa shamba anamhitaji mwanasheria, na kijiji kisicho na mwandishi wa habari hudhulumiwa kimya kimya. Wakati huo huo kule Mbeya serikali ilikuwa na Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986, kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012. Swali letu ni hili: kijana aliyesoma katika shule ya kanisa isiyo na Fizikia ataingiaje hapo? Mlango uko wazi, lakini ngazi haipo.

Liko na jambo la mikopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na wanafunzi wa vyuo vya makanisa nao huweza kuomba. Hata hivyo, katika kugawa fedha, kozi za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati zimekuwa zikitangulizwa. Basi yule aliyenyimwa maabara akiwa na miaka kumi na saba hurudishwa nyuma ya foleni tena akiwa na miaka ishirini. Twaliita jambo hili dhuluma, ingawa hatumwoni mdhulumu mmoja wa kumnyoshea kidole.

Tuseme na la kwetu wenyewe, maana si haki kuilaumu serikali peke yake. Wazazi wengi huhesabu Elimu ya Dini miongoni mwa masomo aliyofaulu mtoto. Ni somo zuri, nasi twataka lifundishwe kwa bidii. Lakini vyuo vingi vya stashahada na cheti husema waziwazi katika masharti yao kwamba masomo ya dini hayahesabiwi. Tumeona kijana mwenye ufaulu wa masomo manne, moja likiwa la dini, akirudishwa getini na begi lake. Shule ya kanisa isiyowaambia wazazi jambo hili mapema inawaficha ukweli, hata kama haikukusudia.

Ndugu zetu Walutheri wanayo hazina ambayo sisi wengine tungeweza kuwaonea wivu. Martin Luther mwenyewe, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule kwa wavulana na kwa wasichana, na mwaka 1530 akawahimiza wazazi wasiwaondoe watoto shuleni, kwa kuwa nchi inahitaji wachungaji, na inahitaji pia wanasheria, waganga na makarani. Hakusema tuchague kilicho rahisi kuendesha.

Sasa mambo yamebadilika tena. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, ukiwa na mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, na mwaka huo huo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Tumesikia wakuu wa shule wakifurahi, nasi tunafurahi nao kwa tahadhari. Tahasusi 65 kwenye karatasi si tahasusi 65 darasani. Na amali isiwe kapu la kutupia watoto walioshindwa. Kufundisha ufundi wa umeme bila karakana ni kama kufundisha kuogelea ubaoni, na ile michepuo ya zamani ilituonyesha jinsi mashine zinavyopata kutu pale anapokosekana fundi wa kuzitunza.

Basi twawaomba ninyi mnaokaa katika bodi za shule na halmashauri za sharika na parokia. Kabla kidato cha tano hakijafunguliwa mwezi Julai, nendeni shuleni kwa miguu yenu. Ombeni mfunguliwe maabara. Mkikuta ufunguo haujulikani uliko, mmekwisha kupata jibu. Ulizeni mwalimu wa Fizikia ni nani, na amekaa kwa muda gani. Shule mbili jirani, hata kama moja ni ya Walutheri na nyingine ya Wamoraviani au Wakatoliki, zaweza kushirikiana maabara moja nzuri kuliko kila moja kuwa na jengo tupu lenye jina ukutani. Na katika kila usharika apatikane mtu mmoja, mwalimu mstaafu akiwepo, atakayesoma masharti ya vyuo kila mwaka na kukaa na watoto wa kidato cha nne pamoja na wazazi wao mara matokeo yanapotoka.

Yule binti tuliyemtaja bado anayo matokeo yake ya kidato cha nne, na ufaulu ule haujafutika. Tumekwisha kumwandikia barua ya kumpeleka katika chuo cha uuguzi. Kinachokosekana ni ada ya mwaka wa kwanza, na mweka hazina wetu ameketi pale mlangoni na daftari lake.