Tetemeko Huamsha Tetemeko

Yeyote aliyesimama Irente, karibu na mji wa Lushoto, akatazama chini hata akaiona Mazinde na nyika ya Wamasai, ameiona kazi ya nyufa za nchi. Ukuta ule wa majabali haukuchongwa na mvua peke yake. Zamani sana nchi ilipasuka, upande mmoja ukashuka, na upande wa pili, ndio Usambara yetu, ukabaki juu. Bonde la Lwengera, litengalo Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, nalo ni la namna hiyo. Ufa una jirani zake, na habari yetu ya leo ni ya ujirani huo.

Nchi husukumwa au huvutwa polepole miaka mingi, na majabali ya pande mbili za ufa hung'ang'aniana. Nguvu ikizidi huteleza ghafula, nasi twasema nchi imetetemeka. Lakini nguvu ile haiishi yote. Tuwafikiri watu sita wachukuao gogo la mkulo begani, wakishuka nalo mlimani. Mmoja akiteleza, uzito wake humwangukia aliye karibu naye. Huyu akiwa amekwisha kuchoka, naye atapiga magoti. Akiwa na nguvu atastahimili. Tena pengine mwenzao wa mbali hupunguziwa mzigo kwa jinsi gogo lilivyoinama. Ndivyo zilivyo nyufa: moja ikiteleza, nyingine huongezewa, na nyingine hupumzishwa.

Alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023 nchi ya Uturuki ilitetemeka kwa kipimo cha 7.8. Baada ya muda wa saa tisa ufa mwingine, upande wa kaskazini, uliteleza kwa kipimo cha 7.5, ukawakuta watu wakiwafukua jamaa zao katika vifusi. Waliokufa katika Uturuki peke yake walizidi 50,000.

Wala mambo haya si ya ng'ambo tu. Mwezi wa Julai 2007, karibu na Ziwa Natron, mlima Gelai ulitikisika mfululizo kwa majuma kadha wa kadha. Tetemeko kubwa, la tarehe 17, lilikuwa la 5.9, likasikika hata Nairobi. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kuwa ufa uliteleza chini ya Gelai, na mawe yaliyoyeyuka yakajipenyeza ardhini. Septemba mlima jirani, Oldoinyo Lengai, ukalipuka.

Je, yaweza kujulikana mbele? Kwa sehemu. Ufa mkubwa wa kaskazini mwa Uturuki tangu 1939 ulikuwa ukivunjika kipande baada ya kipande, na mwaka wa 1997 wataalamu waliohesabu mizigo yake walitaja upande wa Izmit kuwa umeongezewa. Tarehe 17 Agosti 1999 Izmit ikatetemeka, na tarehe 12 Novemba jirani yake wa mashariki, Düzce. Mahali walipataja; siku hawakuweza.

Usambara haitikisiki mara nyingi kama nchi ya Natron. Walakini ikitikisika, mtu asirudi upesi katika nyumba iliyopasuka kwa ajili ya chungu au godoro. Jiwe lililolegezwa na tetemeko la kwanza huweza kuporomoka kwa la pili, hata likiwa dogo. Wazee na watoto wapewe mablanketi, wakalale uwanjani, mbali na kuta na mbali na genge, ijapokuwa ukungu wa huku kwetu ni baridi.