Maji Yaliyo Chini ya Barafu

Leo safari ni ya mbali, ila tutaanzia ziwani.

Ukitoka Sumbawanga mjini, ukapita Matai na kuteremka hadi Kasanga, unalikuta Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Migebuka na dagaa tunaowanunua sokoni wanatoka tabaka la juu tu. Ukishazidi mita 100 au 200 kwenda chini, oksijeni inakwisha, na samaki hawaishi. Bakteria wanaishi. Tena upande wa Kongo, kwenye Rasi ya Banza, watafiti waliopiga mbizi walikuta chemchemi za moto sakafuni mwa ziwa, maji yake yakikaribia nyuzi 100. Katika mashapo ya chemchemi za ziwa hili wamepatikana bakteria wanaostawi kwenye joto kali, wasiohitaji oksijeni. Na baharini, karibu na visiwa vya Galapagos, mwaka 1977 yalionekana makundi mazima ya viumbe wanaotegemea kemikali za chemchemi za namna hiyo, gizani kabisa.

Kumbe uhai unaweza kushika mahali ambapo mwanga wa jua haufiki. Ndiyo maana wanasayansi wanaitazama miezi ya barafu.

Chukua Europa, mmoja wa miezi minne ya sayari ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Juu ni barafu ya kilomita nyingi. Chini yake, vipimo vinaashiria bahari yenye maji kuzidi bahari zetu zote. Kwa nini maji hayo hayajaganda? Mvutano wa Mshtarii huubana na kuuachia mwezi huo kila unapozunguka. Kunja waya mara nyingi, kisha uguse pale unapokunjika: una moto.

Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali, una upana wa kilomita 500 tu, lakini ndio unaonivutia kuliko yote. Mwaka 2005 chombo Cassini kiligundua kwamba unarusha mvuke na chembe za barafu kutoka ncha yake ya kusini. Oktoba 2015 kikapita ndani ya mvuke huo, kilomita 49 juu ya barafu, kikakuta haidrojeni. Hapa duniani wapo vijidudu wanaoishi kwa kuunganisha haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Chakula, basi, kipo. Mlaji hajaonekana.

Sasa vyombo viwili viko njiani. JUICE cha Ulaya kiliondoka Aprili 2023. Kitafika Mshtarii 2031, na baadaye kiuzunguke mwezi Ganymede. Europa Clipper cha NASA kiliondoka Oktoba 2024. Kitafika 2030, kipite karibu na Europa mara 49, kikipenyeza rada ndani ya barafu.

Nasisitiza hili kwa sababu habari za simuni hukuza mambo: Clipper hakitafuti kiumbe. Kinapima kama maji, kemikali na nishati vinakutana mahali pamoja. Kikikuta vinakutana, itabidi kitumwe chombo kingine, cha kutua.