Watu Kwanza, Mali Baadaye

(Hotuba kwa wafanyabiashara na waajiri)



Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita huko Uchina, zizi la farasi la mwalimu Confucius liliteketea. Aliporudi kutoka kazini, alitaka kujua kama kuna mtu aliyeumia. Habari za farasi hakuuliza, ingawa farasi walikuwa mali ya thamani kubwa na waliowatunza walikuwa watumishi wa hali ya chini. Huo ndio utu ambao mwalimu huyo aliuona kuwa msingi wa uongozi.

Je, mafundisho hayo yanaifaa biashara? Mjapani Shibusawa Eiichi alijibu kwa vitendo. Alizaliwa mwaka 1840 katika familia ya wakulima, akasomeshwa mafundisho ya Confucius tangu utotoni. Mwaka 1873 aliacha wadhifa serikalini, akaongoza benki ya kwanza ya kisasa nchini mwake, na baadaye akashiriki katika kampuni zipatazo 500. Alishikilia kwamba faida na utu ni lazima viende pamoja.

Miaka ya 1880, baraza la Tokyo lilikata fedha za kodi zilizotunza makao ya maskini, yatima na wagonjwa. Shibusawa hakukubali yafungwe. Alichangisha fedha, makao yakaendelea, naye akayasimamia hadi alipofariki mwaka 1931.

Nasi hupimwa hivyo hivyo biashara inapokuwa ngumu. Mfanyakazi akiugua, tunauliza nini kwanza: nani atafungua duka, au mgonjwa anaendeleaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Hiyo ni haki yake, wala si hisani yetu. Huruma huanzia pale sheria inapoishia: kumjulia hali, kumwekea nafasi yake, na kuwaeleza wafanyakazi mapema mauzo yanaposhuka badala ya kuwashtukiza kwa barua ya kuachishwa kazi.

Wahenga wetu walisema mtu ni utu. Kesho mkifungua biashara zenu, waulizeni wafanyakazi hali zao kabla ya kuuliza hesabu ya jana.