Mtoto Hana Viatu: Shule Ifanye Nini?



Mara ya mwisho mmoja wenu aliniuliza: kuna mahali shule inashughulika na nyumba ya mtoto, sio mtoto peke yake? Kupo. Leo twende Kentucky, Marekani.

Huko, wilaya 66 za shule, nyingi zao za mashambani na maskini, ziliipeleka serikali ya jimbo kortini kwa sababu pesa za elimu hazikuwa zinagawanywa kwa haki. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya jimbo ikasema mfumo mzima wa shule unakiuka katiba. Mzima, wallahi, sio bajeti tu! Mwaka 1990 bunge likapitisha sheria mpya, na ndani yake kukawekwa vituo vya kusaidia familia na vijana, shuleni au karibu na shule.

Msifikirie jumba kubwa. Mara nyingi ni chumba na mratibu wake. Mtoto hana viatu, haoni ubaoni, jino linamuuma, au nyumbani baba amepoteza kazi: mratibu anajua ofisi ya kupigiwa simu, na anapiga. Waliofika miaka 12 wana kituo chao, na huko wanapata ushauri kuhusu dawa za kulevya, shida za nyumbani, hata kutafutiwa kazi za likizo.

Mimi kidato cha pili nilikaa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya karo. Niliporudi nikaulizwa risiti. Hakuna aliyeuliza mamangu anaendeleaje, na alikuwa mgonjwa. Ndio maana habari hii imenishika.

Lakini kilichonishika zaidi ni baraza la kila kituo. Wazazi lazima wawe angalau theluthi moja. Wafanyakazi wa shule hawaruhusiwi kuzidi theluthi. Kituo cha vijana lazima kiwe na wanafunzi wasiopungua wawili. Yaani mwenye shida yuko mezani, hangoji kuitwa.

Na sisi je? Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita kwenye bodi ya shule. Nani hapa anawajua hao sita wa shule ya mtaani kwake? Mikono juu... Naona miwili.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja aniletee majina.