Wajapani na Wanaowachunguza

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la chakula siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Imechapwa kama ilivyosomwa.)



Barua ya Ndugu Katibu iliniomba nije kueleza "siri ya maendeleo ya Wajapani". Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Nilikaa Japani miaka saba nikisomea elimu ya jamii, na siri yenyewe sikuiona. Niliowaona ni watu wengi walioitafuta, wageni na Wajapani wenyewe, na makosa waliyofanya njiani, nami nikiwa mmojawao. Mkiniruhusu nitasema hayo. Mpishi ameniahidi kwamba wali hautapoa.

Nianze na kijiji. Mwaka 1935 kijana wa Kimarekani, John Embree, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alifika Suye Mura, kijiji cha wakulima katika kisiwa cha Kyushu, pamoja na mkewe Ella na binti yao mdogo. Walikaa huko mwaka mmoja. Mwaka 1939 Embree alitoa kitabu, na kwa muda mrefu kitabu hicho ndicho kilichokuwa dirisha la wasomaji wa Kiingereza kutazamia maisha ya shamba ya Wajapani. Vita vilipozuka kilisomwa sana. Hata Ruth Benedict, aliyeandika kitabu mashuhuri mno juu ya Wajapani mwaka 1946, alikitumia. Maana yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Japani, alitegemea vitabu, filamu, na Wajapani waliokuwa wakiishi Marekani.

Kitabu cha Embree ni kizuri, wala sikibezi. Kinaeleza jinsi wanakijiji walivyosaidiana kupandikiza mpunga, na jinsi walivyochangiana fedha kwa zamu, jambo ambalo sisi tungeliita upatu bila kusita. Lakini Embree alihitaji wakalimani. Aliyekijua Kijapani ni mkewe. Ella alizaliwa Urusi, utoto wake ukapita Japani, kwa hiyo aliongea na wanawake wa kijiji bila mtu wa kati. Alikaa nao jikoni, akanywa chai yao, akasikiliza masengenyo yao, kisha akaandika. Maandishi yake yalifika kurasa zipatazo elfu moja.

Na humo mlikuwa na nini? Mlikuwa na wanawake wanaokunywa pombe ya mchele na kuvuta tumbaku, wanaocheza ngoma zenye utani ambao siwezi kuusimulia mbele ya Mwalimu Mkuu, wanaoacha waume na kuolewa tena, mara ya pili, mara ya tatu. Yule mwanamke wa Kijapani tuliyesoma habari zake, mnyenyekevu, apigaye magoti na kunyamaza, ni shida kumpata katika kurasa zile.

Embree alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1950, pamoja na binti yake yule. Maandishi ya Ella yakalala. Baadaye sana alimkabidhi mtaalamu mwingine, Robert Smith, na wote wawili wakatoa kitabu juu ya wanawake wa Suye Mura mwaka 1982. Hesabuni wenyewe. Kutoka 1939 hadi 1982 ni miaka 43. Kijiji ni kile kile, mwaka ni ule ule, watafiti wanalala nyumba moja.

Sasa twende mjini. Baada ya vita, uchumi wa Japani ulipokuwa ukipaa, watafiti walihamia kwenye kampuni na vitongoji. Mmarekani Ezra Vogel na mkewe Suzanne waliishi katika kitongoji karibu na Tokyo kuanzia 1958 hadi 1960, wakizungumza na familia sita wiki baada ya wiki. Kitabu cha mwaka 1963 kilichotokana na kazi hiyo kilimweleza "mtu wa mshahara": kijana anayeingia kampuni kubwa akitoka chuoni, asitoke humo mpaka astaafu.

Kisha akaja mama mmoja ambaye ningependa wadogo zangu wamjue, Nakane Chie. Ndiye mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Kabla ya kuandika juu ya kwao alifanya utafiti India, na nadhani ndiyo sababu aliona kwao kwa jicho la mgeni. Kitabu chake cha mwaka 1967 kilinunuliwa Japani na watu zaidi ya milioni moja. Alisema hivi: mahali pengine watu huungana kwa sifa wanazoshiriki, kama ufundi, ukoo au tabaka. Wajapani huungana kwa *ba*, yaani mahali walipo pamoja. Ukimwuliza Mjapani kazi yake hatasema ni fundi umeme au karani. Atakutajia kampuni yake. Na kampuni hiyo ataiita *uchi*, neno ambalo ni nyumba, na ndani, na sisi. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani, kwa sababu neno hilo ni "kwetu", na sisi tunalitumia kutwa.

Si wote waliokubaliana naye. Mwaka 1986 Sugimoto Yoshio na Ross Mouer waliandika kwamba nadharia nyingi juu ya Wajapani zilichukua mifano ile iliyokuwa karibu, hasa wanaume wa kampuni kubwa, na kuiita Japani nzima. Wanaume hao hawakuwa hata nusu ya wafanyakazi wa nchi ile. Je, yule mwenye karakana ya watu watano? Je, vibarua? Je, akina mama wanaofungasha samaki kwa malipo ya saa? Dorinne Kondo, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, alikwenda kufanya kazi katika kiwanda kidogo cha vitamu Tokyo ili awajue watu wa namna hiyo. Siku moja, akiwa sokoni, aliona katika bati linalong'aa la meza ya mwuza nyama mama wa nyumbani wa Kijapani aliyevaa kandambili. Ikamchukua muda kutambua kwamba mama yule ni yeye. Alishtuka hata akaamua kuhama nyumba aliyokuwa akiishi na wenyeji wake. Yamo katika kitabu chake cha mwaka 1990.

Sasa kosa langu mimi. Nilikwenda Japani nikitaka kuandika juu ya umoja kazini, nije niwaonyeshe wakubwa wa viwanda vyetu. Nilipata barua ya kunijulisha kwa kiwanda kimoja kikubwa. Nikapewa wanaume 30 wa kuwauliza, wote wamechaguliwa na ofisi, na ofisa mmoja akawa anaketi pembeni akinywa chai. Majibu yao yalifanana kama sare zao. Nikafurahi kwelikweli.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Jioni moja aliniuliza nimepata nini, nikamwambia nimeona kwamba wafanyakazi wale ni jamaa moja. Aliendelea kumenya figili. Kisha akasema kwamba mumewe alikuwa mtu wa kampuni kwa miaka 37. Siku ya mazishi walikuja watu mia mbili wenye tai nyeusi. Mwaka wa pili hakuja mtu. "Walikuwa jamaa zake kweli," alisema, "lakini ni jamaa wa pale."

Nililala macho usiku ule. Mama huyu, bila kumsoma Nakane, alikuwa amenieleza upande wa pili wa nadharia yake. Ikiwa mtu ni wetu kwa sababu tuko naye mahali pamoja, basi akitoka mahali pale, ni wa nani? Profesa wangu alinipa uamuzi: niandike nilichonacho nimalize, ama nianze upya na wastaafu na wake zao, nikae mwaka zaidi. Nilikaa. Katika mwaka huo wa nyongeza baba yangu alifariki, nami nilipata habari baada ya maziko. Hilo sikuliandika popote.

Wastaafu niliowafuata walikaa katika majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa ajili ya vijana wenye ndoa changa, ambao wamezeeka humo humo. Mtaa wa majengo ya namna hiyo ulio mashuhuri ni Tokiwadaira, katika mji wa Matsudo, uliofunguliwa mwaka 1960. Mwaka 2000 iligunduliwa humo mifupa ya mwanamume wa miaka 69, aliyekwisha kufa miaka mitatu nyuma. Kodi ilikuwa ikikatwa benki yenyewe kila mwezi. Fedha zilipokwisha ndipo watu walipokuja kugonga mlango. Wakazi wenzake waliona aibu kubwa, wakaanza kutembeleana kwa mpango, wakafungua chumba cha kukaa na kunywa kahawa kwa yeni 100.

Wajapani wana neno la kifo cha namna hiyo, *kodokushi*. Polisi wa Japani walihesabu kwamba mwaka 2024 watu 76,020 walioishi peke yao walifia majumbani mwao, na 58,044 kati yao walikuwa na miaka 65 au zaidi. Wazee niliowauliza mbona hawagongi mlango wa jirani walinijibu karibu wote kwa neno moja: hawataki kumsumbua mtu. Zamani ningeliandika jibu hilo kuwa ni adabu ya Kijapani, nikafunga daftari. Nikajifunza kuuliza tena kesho yake. Mzee mmoja, mara ya nne, alisema kwamba hajui jirani yake anaitwa nani, na baada ya miaka 20 anaona haya kuuliza.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na jambo la hapa. Kamati imenionyesha orodha ya watu watakaohojiwa kwa ajili ya kitabu cha historia ya shule yetu. Ni majina 14. Wote ni viranja wakuu, manahodha wa mpira na walimu wakuu wastaafu. Sina ugomvi na hata mmoja wao. Wawili walinichapa, nimewasamehe. Ila nimeongeza kwa penseli majina matatu: mpishi wetu wa zamani, ambaye yu hai na anakaa nyuma ya soko, mama aliyekuwa akituuzia maandazi nje ya lango, na mwenzetu mmoja aliyefukuzwa kidato cha tatu, ambaye tangu siku ile hatukuwahi kumwandikia. Kwa mpishi nakwenda mwenyewe kesho saa tatu asubuhi. Orodha iko kwa Ndugu Katibu, na penseli nimemwachia.